Viungo vya Mpira wa Upepo

Mgeni aingiapo katika karakana ya malori, aghalabu macho yake huvutwa na mambo makubwa: injini iliyoshushwa na kuning'inizwa kwa mnyororo, gurudumu linalomzidi mtoto kwa kimo, kompresa inayotetemeka pembeni na tangi lake la rangi ya samawati, wala sijapata kumwona mgeni aliyeinama kutazama kile kipande cha chuma, kisichozidi urefu wa kidole, kilicho mwishoni mwa mpira wa upepo, ambacho pasipo hicho kompresa ni kelele tupu na bunduki ya kufungulia nati ni uzito wa kuchosha mkono. Mimi nimeutumia umri wangu wa kazi katika karakana za Mombasa, kwanza nikiwa mwanagenzi wa kufagia na kushika taa, kisha fundi, na mwisho mtunza ghala mwenye dhamana ya kununua vifaa. Na katika daraja hizo zote hapana kitu kilichonifunza habari ya gharama inayojificha ndani ya bei rahisi kama kile kiungo kidogo cha kuchomeka na kuchomoa. Nakieleza kwa kuwa naona vijana wengi wanaofungua gereji zao siku hizi wanatoa fedha nyingi kununua kompresa njema, kisha wanaifisidi kwa viungo walivyovichota ndani ya ndoo ya dukani pasipo kuvitazama.

Kiungo hicho kina pande mbili, nasi mafundi huziita jike na dume. Dume ni bomba fupi lenye shingo iliyochongwa mfereji kuizunguka. Jike ni nyumba yenye ukosi unaoteleza, na chini ya ukosi huo mna gololi ndogo za chuma zilizopangwa kwa duara, springi, pete ya mpira ya kuzuia upepo usivuje, na vali inayojifunga yenyewe dume linapotoka. Ukilisukuma dume ndani, gololi hupanda juu ya bega lake, kisha huangukia ndani ya mfereji, ukosi ukarudi mahali pake na kuzifungia humo, ukasikia mlio mmoja mkavu. Na tangu hapo nguvu yote ya upepo inayotaka kulisukuma dume nje hubebwa na gololi chache, ambazo kila moja yagusa chuma mahali padogo mno. Mzee aliyenifunza kazi, mwenyeji wa Mombasa aliyezeekea katika karakana za bandarini, alikuwa na desturi ya kuchukua dume lililotumika, kulifuta mafuta kwa kitambaa, na kulizungusha polepole penye dirisha hata mwanga ukalala ndani ya mfereji. Ikiwa ukingo wa mfereji ulikuwa bado mkali, umekatika wima, alilirudisha kazini. Na ikiwa ukingo umelala, umefanya mteremko mdogo unaong'aa, alilitupa ndani ya kopo la vyuma chakavu bila ya kuuliza lilinunuliwa kwa bei gani. "Gololi haina pa kushika hapa, mwanangu," alikuwa akiniambia, "na siku itakapoachia haitakuuliza umesimama wapi."

Mombasa ni mji wa bandari, na karakana zake zimerithi vyombo vya kila taifa lililopata kushusha shehena Kilindini. Katika karakana niliyoijua kuliko zote, huko Shimanzi, palikuwa na kompresa ya Kiingereza, mashine za barabara zilizotoka Marekani, na zana za Kijapani zilizoingia pamoja na malori ya Kijapani, na kila taifa lilikuja na hesi zake. Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza mwaka 1841 hesi yenye pembe ya digrii 55, na mabomba ya Waingereza yakaifuata. William Sellers wa Philadelphia alipendekeza mwaka 1864 pembe ya digrii 60, na Wamarekani wakaishika hata katika mabomba yao. Wajapani, katika hesi za mabomba, walikwenda na pembe ya Kiingereza, na kwa hiyo kipande cha Tokyo na kipande cha Sheffield huingiana bila ya ugomvi, ilhali cha Kimarekani hakiingiani kwa haki na chochote kati ya hivyo viwili. Katika kipimo cha robo inchi tofauti hujidhihirisha upesi, maana hesi ya Kiingereza ina mizunguko 19 katika inchi moja na ya Kimarekani ina 18, na mkono wa fundi huhisi kipande kikikwama kabla ya wakati wake. Hatari ipo katika nusu inchi, ambako zote mbili zina mizunguko 14: kipande kinaingia, kinakaza, mtu anazungushia utepe mweupe wa mabomba, anaridhika, na kumbe pembe zile mbili zisizolingana zimegusana ncha kwa ncha tu, upepo umepata ujia wa kujipenyeza, na kila mtetemo wa kompresa unaupanua ujia huo. Mzee alikuwa na geji ya hesi, bapa nyembamba za chuma zenye meno, iliyofungwa kwa uzi kwenye mguu wa jiriwa ili isiazimwe, wala hakufunga kiungo kipya kabla ya kukipimisha meno hayo mbele ya taa.

Zinavyotofautiana hesi upande wa nyuma wa kiungo, ndivyo vinavyotofautiana vichwa upande wa mbele, tena zaidi. Ipo sampuli ambayo jeshi la Marekani liliiwekea kanuni na viwanda vingi vikaifuata. Ipo nyingine iliyoenea katika gereji za magari za nchi hiyo hiyo. Ipo ya Ulaya, ambayo hutajwa kwa upana wa tundu lake wa milimita 7 na ushei. Ipo ya Kiingereza ya PCL, na ipo ya Kijapani ya Nitto. Machoni pa asiyezoea, nyingi katika hizo ni ndugu wa baba mmoja. Dume lisiloingia kabisa ndani ya jike la kigeni halina madhara, kwa sababu limejikataza lenyewe. La kuogopwa ni lile linaloingia, likatoa mlio, likashika nusu, likavuja kidogo, na fundi akalihesabu kuwa limefungwa.

Katika karakana moja ya jirani, ambayo haina haja ya kutajwa, dume la sampuli moja lilichomekwa ndani ya jike la sampuli nyingine ukutani, likafanya kazi asubuhi nzima likipiga mluzi mwembamba ambao hakuna aliyeujali. Alasiri, kijana mmoja aliuvuta mpira ili afikie gurudumu la mbali, dume likachomoka, na mpira mrefu uliojaa upepo ukajitupa kwa nguvu, kichwa chake cha chuma kikampiga juu ya nyusi. Alipona, alhamdulillahi, jicho likasalimika. Mzee wetu alikwenda kumjulia hali, na aliporudi hakuzungumza na mtu ila tajiri, akamtaka ruhusa ya kuondoa kila kiungo kilichomo karakanani na kuweka sampuli moja tu, tangu ukutani penye bomba la kompresa hadi kwenye kipuliza vumbi cha mwanagenzi. Tajiri alisita kwa sababu ya gharama, kisha akakubali kwa sharti kwamba vya zamani vitunzwe ghalani kwa akiba. Mzee alilikataa sharti hilo kwa adabu, lakini alilikataa, kwa hoja kwamba kiungo kilichotunzwa ghalani hurudi kazini siku ambayo mwenye busara hayupo. Vyote vikakatwa kwa msumeno wa chuma, kimoja kimoja, mbele ya tajiri mwenyewe, vikauzwa kwa uzito.

Nilipokuja kushika ufunguo wa ghala, niliongeza jambo moja ambalo wakati wa Mzee halikuwa rahisi kupatikana kwetu: jike la salama, ambalo ukosi wake hufunguka kwa hatua mbili, hatua ya kwanza ikiutoa upepo uliobaki ndani ya mpira huku dume lingali limeshikwa, na ya pili ikiliachia dume likiwa halina nguvu nyuma yake. Bei yake ni kubwa. Nalinunua kwa kila kituo cha ukutani, wala sijutii hata senti.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naliona kuwa kubwa kupita yote, nalo ni upana wa tundu. Palikuwa na bunduki kubwa ya nati, ya kipimo cha inchi moja, iliyotumika kufungulia magurudumu ya trela za safari za Kampala. Bunduki hiyo ilianza kusemwa vibaya. Ilinguruma, ikagonga, ikatoa moshi mwepesi wa mafuta, na nati isisogee, hata vijana wakairudia spana ya msalaba na bomba refu la kuongezea mkono, wakaning'inia juu yake wawili wawili. Wengine walisema bunduki imechakaa ndani. Wengine walisema kompresa imezeeka. Na tajiri alikwisha andika barua ya kuagiza bunduki mpya. Mzee aliomba siku moja. Alifunga geji ya presha kwa kiungo cha njia tatu karibu kabisa na mlango wa bunduki, akamwita tajiri atazame, na sindano ikasimama penye ratili 120 kwa inchi ya mraba.

"Si unaona, Mzee," tajiri akasema, "upepo upo tele. Ubovu ni wa bunduki."

"Upo tele kwa kuwa umekaa, tajiri," Mzee akajibu. "Upepo uliosimama haudaiwi ushuru. Tuutazame ukisafiri."

Akabonyeza. Sindano ikaporomoka mbele ya macho yetu, ikapita 90, ikapita 70, ikatulia chini ya 60, na haikupanda tena mpaka alipoondoa kidole. Kisha ikarudi 120 mara moja, kana kwamba hapakutokea kitu. Watengenezaji wa zana za upepo karibu wote huzitaja nguvu za zana zao kwa presha ya ratili 90, na ratili hizo hupimwa penye mlango wa zana, zana ikiwa kazini. Geji ya kwenye tangi haisemi lolote juu ya jambo hilo. Mzee akafuata njia nzima kwa mkono. Bomba la ukutani lilikuwa la inchi moja, mpira ulikuwa wa nusu inchi, vyote vyatosha. Na katikati yake palichomekwa dume dogo, la kufaa kipuliza vumbi, lenye tundu la milimita 5. Aliyeliweka alilitazama kwa nje, akaona hesi zimeingia, akatosheka. Ukilinganisha eneo la tundu hilo na eneo la mpira uliolitangulia, halifiki sudusi yake, na upepo wote wa bunduki kubwa ulilazimishwa kupita hapo. Tulifunga kiungo kikubwa cha nusu inchi kilichokuwa na njia pana, geji ikiwa pale pale: sindano ilishuka kidogo ikasimama juu ya 90, na nati zilizokuwa zimekataa asubuhi zikafunguka mbele ya dereva. Barua ya tajiri haikutumwa, na bunduki ile iliendelea kufanya kazi hata baada ya Mzee kustaafu.

Tangu siku hiyo sinunui kiungo kwa kipimo cha hesi zake peke yake. Hesi ya robo inchi yaweza kubeba tundu la milimita 5, na yaweza kubeba tundu la milimita 7 na ushei, na hili la pili lina eneo linalozidi mara mbili ya lile la kwanza, ingawa kwa nje vipande viwili vyafanana na kwa bei vyatofautiana kidogo tu. Hunyanyua dume, nikalichungulia kwa tundu kuelekea mwangani. Kwa kipuliza vumbi na kwa kujaza upepo magurudumu ya gari ndogo, tundu dogo latosha, na kuweka kubwa ni israfu; kwa bunduki ya nati ya nusu inchi nataka njia pana, na mpira wenye tundu lisilopungua robo tatu ya nusu inchi; na kwa bunduki ya trela sikubali kiungo chochote kilicho chembamba kuliko kiungo cha nusu inchi cha njia pana.

Kuhusu madini yenyewe, pwani yetu ina hukumu yake. Upepo wa bahari una chumvi, na hewa ya Mombasa ina unyevu: hewa iliyoshiba maji katika joto la digrii 30 hubeba yapata gramu 30 za maji katika kila mita ya ujazo, na kompresa ikiikamua hewa hiyo hata ujazo wake ukabaki thumuni, kisha ikapoa, sehemu kubwa ya maji hayo huanguka ndani ya tangi na ndani ya mabomba. Dume la chuma laini lililopakwa zinki hupendeza sana dukani. Baada ya kuchomekwa na kuchomolewa kwa muda, zinki hukwanguka pale pale gololi zinapopita, kutu ikaanza, punje zake zikaenda na upepo mpaka ndani ya zana, na zile zinazobaki nyuma hukaa penye pete ya mpira zikaikata kidogo kidogo. Shaba ya manjano, ambayo mafundi huiita brasi, haipati kutu hiyo, na kwa mwili wa jike ni madini mazuri. Walakini dume la brasi ni laini, na gololi huulaza ukingo wake upesi, hasa mwisho wa mpira unaokokotwa sakafuni. Kwa hiyo shauri langu kwa karakana ya pwani ni jike lenye mwili wa brasi na gololi na ukosi wa chuma kigumu, na dume la chuma kilichokazwa kwa moto, lililopakwa vizuri, linalopanguswa kwa mafuta mepesi kila juma. Na koki ya chini ya tangi ifunguliwe kila jioni, maji yatoke, kwa maana hakuna madini yatakayoshinda maji yasiyomwagwa. Pete ya mpira nayo itazamwe: ile nyeusi ya kawaida, ya naitraili, hustahimili mafuta ya madini na joto la kadiri ya digrii 100, lakini haifai karibu na kichwa cha kompresa penye moto mkali. Jike ambalo pete yake haibadiliki silinunui, maana ni kulitupa jike zima kwa sababu ya mpira wa senti chache.

Liko kosa moja ambalo naliona katika gereji nyingi, hata za watu wenye vyombo vizuri, nalo ni kulifunga jike au dume moja kwa moja kwenye kitako cha bunduki inayogonga. Mapigo ya bunduki huzitikisa gololi mara nyingi katika kila dakika, ukingo wa mfereji ukalika upesi mno, na uzito wa kiungo ukaulegeza mlango wa bunduki wenyewe. Dawa yake ni mkia: kipande kifupi cha mpira kilichofungwa kwa hesi kwenye bunduki, na kiungo cha kuchomeka kikaja mwisho wa kipande hicho, mbali na mapigo. Mkono wa fundi pia hufaidika, kwa kuwa bunduki huwa nyepesi kugeuza.

Siku ya Ijumaa, karakana ilipofungwa kwa ajili ya sala na kompresa ikazimwa huku tangi limejaa, Mzee alitangulia kutawadha, kisha kabla ya kutoka alipita kando ya ukuta na kopo la povu la sabuni na brashi ya rangi, akipaka kila kiungo na kusikiliza. Penye mapovu aliandika kwa chaki. Tundu la milimita 1, katika presha ya ratili 100, hupitisha kadiri ya lita 60 za hewa kila dakika, usiku na mchana maadamu kompresa inafanya kazi. Na tundu likizidi upana mara tatu, upotevu huzidi mara tisa. Wizara ya Nishati ya Marekani imeandika kwamba uvujaji waweza kula asilimia 20 hadi 30 ya hewa yote inayotolewa na kompresa. Tajiri wetu hakuwa mtu wa kusoma taarifa hizo, lakini aliisoma hesabu ya umeme kila mwezi, na alipoona imepungua baada ya viungo kubadilishwa, hakuniuliza tena kwa nini naleta dume moja kwa bei ambayo wengine wananunulia manne.

Basi wewe unayefungua gereji yako mwaka huu, Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au popote penye upepo wa chumvi, chagua sampuli moja kabla hujanunua kipande chochote, na iwe ile ambayo maduka matatu ya mji wako yanayo, ili usije ukakwama duka moja likifungwa. Nunua jike moja na dume moja kwanza. Pima hesi zake, chungulia tundu lake, vichomeke, vuta, tikisa ubavuni, na ukiona dume linacheza ndani ya jike jipya, vikatae. Halafu pitisha tupa ndogo juu ya ukingo wa dume: ikiteleza, chuma kimekazwa, rudi ukanunue ya karakana nzima pamoja na akiba, ikiuma, umepoteza bei ya dume moja tu. Na siku utakapopewa dume la sampuli nyingine, hata kama umepewa bure, usilipokee.